Twendeni Lourdes, penye Pango la Massabielle

Wasomaji wapenzi, huenda kanisani kwenu mnalo pango la mawe, ndani yake sanamu ya Mama Maria mwenye mshipi wa buluu, na mbele yake msichana amepiga magoti. Leo twendeni tukalione pango lenyewe, huko Lourdes, Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei. Madukani hatutapita, rozari na chupa za maji ni nyingi mno huko, nazo humchosha mhujaji. Tuanzie penye chumba kimoja.

Chumba hiki zamani kilikuwa jela. Wafungwa waliondolewa kwa kuwa kilidhuru afya zao. Ndipo akahamia Bwana Soubirous, msaga nafaka aliyefilisika, pamoja na mkewe na watoto wanne. Bernadette, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka 14. Alisumbuliwa na pumu, hakujua kusoma, na Kifaransa hakukijua vema. Alisema lugha ya kwao.

Tarehe 11 Februari 1858 alitoka humu kwenda kuokota kuni. Pale pangoni, kando ya mto Gave, akamwona Bibi aliyevaa nguo nyeupe. Alimwona mara 18 kwa jumla.

Sasa fikiri, msomaji: ungekuwa wewe, ungemwambia nani? Mama yake alimkataza asirudi. Mkuu wa polisi, Bwana Jacomet, alimhoji, akayaandika maneno yake, kisha akamsomea huku amegeuza mengine ili amnase. Binti akamsahihisha neno kwa neno. Tarehe 25 Februari alifukua udongo pangoni kama alivyoagizwa, akanywa maji ya matope, uso ukamchafuka. Watu wakacheka, wakasema amepata wazimu. Kumbe ndiyo chemchemi itiririkayo hata leo!

Paroko naye, Padri Peyramale, alikuwa mkali: amwulize huyo Bibi jina lake. Tarehe 25 Machi Bernadette akaja mbio, njia nzima akiyarudia maneno asije akayasahau: “Mimi ndimi Mkingiwa Dhambi ya Asili.” Padri alishtuka. Fundisho hilo Papa Pio IX alikuwa amelitangaza mwaka 1854, lakini mtoto huyu hakujua hata maana yake.

Mimi hustaajabia zaidi namna yake ya kusema. Hakubishana na mtu. Fedha alizikataa, ingawa kwao njaa ilikuwa mgeni wa kila siku. Mtu akisema haamini, humjibu kwamba yeye ametumwa kumwarifu, si kumwaminisha. Sisi je? Jirani akituuliza kwa dhihaka, “Huyo Mungu wenu amekufanyia nini?” ama twanyamaza kwa haya, ama twatia chumvi ili tuaminiwe.

Baada ya uchunguzi mrefu, Baba Askofu Laurence aliukubali ushuhuda wake tarehe 18 Januari 1862. Mwaka 1864 ikaletwa sanamu ya marmari, kazi ya Bwana Fabisch, ambaye kwanza alimwuliza Bernadette kila jambo. Miguuni pake yameandikwa yale maneno ya Machi, tena kwa lugha ya nyumbani kwao binti. Alipoonyeshwa, watu wote wakingoja aisifu, Bernadette alisema ni nzuri, lakini haifanani na Yule aliyemwona.

Iko pale pale pangoni hata leo. Na ile ya kanisani kwenu imeigwa kwake.