Hesabu Isiyotimia

Haraka haraka haina baraka. Methali hii nimeifundisha miaka mingi, lakini maana yake nimeijua juzi tu.

Katika shule yetu hapa Haneti tuna kompyuta moja kubwa, ya zama za 2009, yenye prosesa mbili za Intel Xeon E5520. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Kila moja ilikuwa na viini 4, na keshi ya daraja la tatu ya megabaiti 8. Mashine ilikuwa nzito mno, hata wazazi wakakubali kutoa fedha ya alizeti, tukanunua prosesa mbili za X5650 zilizokwisha kutumika. Kila moja ina viini 6 na keshi ya megabaiti 12.

Labda mtauliza, keshi ni nini? Mtazameni mama apikaye ugali. Haendi ghalani kila atakapo unga; huweka kiasi katika kibuyu karibu na mafiga. Keshi ndiyo kibuyu, na kumbukumbu kuu ndiyo ghala. Neno lililo katika keshi ya kwanza hupatikana kwa mapigo 4 tu ya mashine, la daraja la tatu kwa mapigo kama 40. Bali la ghalani hungojewa zaidi ya mapigo 100. Shauri hili Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandika mwaka 1965, na mwaka 1968 IBM wakatangaza mashine yenye keshi. Siku hizi keshi imo ndani ya prosesa yenyewe, wala haiongezwi peke yake. Atakaye zaidi hana budi kubadili prosesa.

Basi kwanza nilitia upya programu iiamshayo mashine, maana ile ya zamani haikuzijua prosesa mpya. Kisha nikazibadili jioni moja, kwa pupa. Mashine ikawaka. Nikaenda kuwaambia wazazi, "Kazi imekwisha, nguvu imeongezeka."

Jumatatu msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika amri ya lscpu, akanijia. "Shikamoo Mwalimu. Hesabu haitimii. Naona viini 6, na keshi megabaiti 12."

Nikamjibu kwa ukali kwamba hakusoma vizuri. Lakini usiku sikupata usingizi. Nikarudi na taa, nikasoma mwenyewe: 6! Zamani vilikuwa 8. Tulinunua nguvu, tukapata upungufu, nami nilikwisha kujisifu.

Nikaifungua mashine. Kumbe prosesa ya pili haikukaa sawa. Vumbi letu la kiangazi lilikuwa limeingia juu ya vijipini vya tundu lake. Nikalipuliza kwa kipampu cha mkono, nikaifunga polepole, nikaandika tena amri ile. Viini 12, keshi megabaiti 24. Hesabu ikatimia.

Lakini deni moja lilibaki. Asubuhi nilimwomba msichana yule radhi mbele ya wenzake, kisha nikaenda kwa wazazi nikawaeleza yote, maana fedha ilikuwa yao. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, hata jiwe la kijani la hapa kwetu hutazamwa juani kwanza, ndipo lisifiwe."

Ndugu walimu, taa ya mashine kuwaka si ushahidi wa kazi. Tuhesabu kwanza, ndipo tuseme. Na mtoto akituonyesha kosa, tumshukuru.