Kaseti Iliyonitoa Hofu

Mimi ni mtu wa Kudha, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, na kwa miaka mingi niliishi bila muziki. Wenye bunduki walipoharamisha nyimbo kwa jina la dini, kaseti zetu zilifichwa maguniani, redio ikabaki ya habari tu. Mogadishu nako, Aprili 2010, vituo vya redio vilipoamriwa kuacha muziki, vingine vilifungulia taarifa kwa milio ya risasi. Nilipohamia Mombasa hofu ile nilikuja nayo. Jirani alipopiga taarabu, nilifunga dirisha.

Iliyonibadilisha ni albamu Volume 5 ya Dur-Dur Band, bendi ya Mogadishu, waliyoirekodi mwaka 1987 na ikatolewa upya 2013. Besi inatangulia kukushika, kinanda kinafuata, halafu anaingia mwimbaji Sahra Dawo kwa sauti yake nyembamba iliyonyooka. Chini yao wote kuna ule mvumo wa kaseti iliyonakiliwa mara nyingi. Nilioujua tangu utotoni ni mvumo huo hasa, kabla hata ya wimbo. Nililia, kisha nikaomba irudiwe.

Sasa nina mashine ya santuri, na sala zangu ziko palepale. Anayeniuliza aanze na ipi humwambia Sweet as Broken Dates, mkusanyo wa nyimbo za Kisomali wa 2017. Nyimbo zake zinatokana na kanda zilizonusurika vita. Hargeysa ilipopigwa mabomu 1988, watu wa redio walizificha kanda, nyingine wakazifukia ardhini. Mkusanyo mwingine, Mogadisco ya 2019, iliyochimbuliwa katika maktaba ya Redio Mogadishu, ni ya kuchezea. Yafaa harusini kuliko chumbani.

Ukitaka jazi, tafuta Mulatu of Ethiopia, aliyoirekodi mwanamuziki wa Ethiopia Mulatu Astatke huko New York mwaka 1972. Kwangu hiyo haina mpinzani. Isikilize usiku, peke yako, usiikatize kabla ya upande kwisha. Na ya siku hizi ni Siti of Unguja ya 2020: Siti Muharam anaimba nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja na mama wa bibi yake, oud na besi zikisikilizana bila kumfunika.

Vave ya Wabajuni, ile wanayoimba wakulima wanapojiandaa kuchoma mashamba, sijaipata kwenye santuri yoyote. Wazee wanaoijua bado wapo Lamu. Nimeanza kuwaendea na simu yangu, nikiwaomba waimbe kwa sauti kamili, dirisha likiwa wazi.