Baiskeli ya Mwalimu



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusogelea akatuuliza kwa upole kama tumeumia vidole. Wengine hawakuuliza, lakini tuliyaona macho yao. Tunakiri hadharani: weusi uliokuwa kwenye kucha zetu ni grisi. Tumejaribu sabuni ya unga, mafuta ya taa na ndimu, na bado haijatoka yote. Kwa kuwa maswali yamekuwa mengi, na kwa kuwa kisa chenyewe hakikutupatia sifa tuliyoitarajia, tumeona heri tukisimulie wenyewe kabla hakijasimuliwa na wengine.

Wakazi wa zamani wa Kipawa mnamkumbuka Mwalimu, katekista wetu aliyewafundisha wengi wenu. Bila shaka mnaikumbuka na baiskeli yake. Wakati makatekista wenzake walikuwa na Phoenix za Kichina au Swala zilizoundwa hapa hapa nchini, zile ndefu, nzito, zenye gia moja tu, yeye alipanda baiskeli ya milimani: Trek 820 ya buluu iliyokoza, magurudumu ya inchi 26, gia 21, yaani duara tatu za meno mbele na saba nyuma. Aliachiwa na mmisionari mmoja wa Kimarekani aliyerejea kwao mwaka 1999. Mwanzoni, wanasema, watoto waliikimbilia ili tu waone cheni ikiruka kutoka duara moja hadi jingine.

Mwaka 2010 nyumba ya Mwalimu ilikuwa miongoni mwa zile zilizobomolewa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na familia ikahamia Pugu Kajiungeni. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa utumishi wake kwetu. Haukuwa mwisho. Aliteremka asubuhi na kupanda jioni, kilomita 10 hivi kwenda na nyingine 10 kurudi, na pale barabara inapoanza kukilea kilima cha Pugu, zile gia ambazo katika tambarare ya Kipawa zilikuwa pambo tu zikapata kazi yake.

Alifariki mwaka 2021. Familia iliileta baiskeli parokiani ikisema kwamba ilikuwa ya kazi ya Kanisa. Tuliipokea kwa maneno mazuri, tukaiweka stoo nyuma ya viti vibovu na spika za zamani, tukaisahau.

Mwaka huu, tukitafuta ngazi, tuliiona tena. Tairi zilikuwa zimepasuka kando. Cheni ilikuwa fimbo moja ya kutu. Bomba la juu la fremu lilikuwa limeviringishwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyokazwa kwa uzi wa katani, na nyuma palikuwa na keria kubwa ya nondo, kazi ya kuchomelea isiyo na adabu hata kidogo. Tukakumbuka kwamba mjukuu wa Mwalimu, aliye kidato cha pili, hutembea kwa miguu kwenda shule. Tukaamua papo hapo: baiskeli itafufuliwa, itarudi Pugu, nasi tutaipeleka kwa mikono yetu.

Tuko katika miaka ya arobaini, na ni lazima tuseme kwamba tangu seminari hatujawahi kushika spana kwa zaidi ya dakika kumi. Tulimwendea Fundi anayekaa chini ya mwembe, jirani na kituo cha daladala, tukamwomba atufundishe badala ya kututengenezea. Aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. Akagonga fremu kwa ukucha, akasikiliza. “Chuma kizuri hiki, Padre. Kutu imekaa juu juu, ndani haijaingia.” Kisha akajaribu kukizungusha kiti, akatikisa kichwa.

Kazi ya kiti ilituchukua siku nne. Nguzo ya kiti ilikuwa ya aluminiamu, fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikikaa pamoja miaka mingi katika hewa yetu ya chumvi, huumana kama zilizochomelewa. Tulipendekeza moto, maana tulikumbuka kutoka shuleni kwamba joto hutanua. Fundi alicheka. Aluminiamu, alisema, ikipata moto hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo itazidi kujibana. Akatutuma barafu. Tulimimina mafuta ya kulainisha kila jioni, na siku ya nne tukaijaza nguzo barafu iliyopondwa, tukangoja, kisha Fundi akaibana kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima. Ilitoa mlio kama wa mbuzi, ikalegea. Waliokuwa wakingoja daladala walipiga makofi.

Baada ya hapo tulifungua vitovu vya magurudumu, ambavyo mafundi huviita habu. Ndani yake huzunguka gololi za chuma: 18 nyuma, tisa kila upande, na 20 ndogo zaidi mbele, kumi kila upande. Grisi ilikuwa imegeuka kitu kama lami. Tuliziosha gololi moja moja kwa mafuta ya taa kwenye kopo, tukazihesabu, tukapata 17. Ile moja tuliitafuta mchangani, magoti chini, kwa nusu saa, mbele ya waamini wetu waliokuwa wakipita na kutuamkia, nasi tukiwaitikia bila kuinua uso.

Hapo ndipo tulipoanza kuipenda kazi yenyewe, tukasoma habari za asili ya baiskeli hizi. Tunawashirikisha kidogo, kwa maana ilitushangaza. Baiskeli ya milimani haikuanzia kwenye karatasi ya mhandisi. Ilianzia kwenye vyuma chakavu. Katika miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nene, wakazitengeneza na kuteremka nazo njia za vumbi za vilimani. Mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume, nazo ziko ndani ya habu ya nyuma. Walipofika chini, breki zilikuwa zimechemka hata grisi imekwisha kwa moshi, na kabla ya kuteremka tena ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana mteremko ule ukaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alianza kuunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaingiza sokoni Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Hata huku kwetu hazikuchelewa. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walizifikisha baiskeli za namna hiyo kwenye kilele cha Kilimanjaro, mara wakizipanda, na mara nyingi zaidi, tunavyoamini, zikiwapanda wao mabegani.

Sisi falsafa tuliisomea Kibosho, kwenye miguu ya mlima huo huo. Huko mwalimu wetu alitusumbua muhula mzima kwa merikebu ya Theseus. Plutarch anaeleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa huyo, na kila ubao ulipooza wakautoa na kuweka mwingine, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni merikebu ile ile au ni nyingine. Tulipokuwa vijana tuliliona swali hilo kuwa mchezo wa watu walioshiba. Chini ya mwembe lilitujia tena. Tairi na tyubu zilikuwa mpya. Cheni mpya, waya za breki mpya. Rimu ya nyuma, iliyokuwa imepinda kiasi cha kugusa breki kila mzunguko, tuliibadilisha kwa nyingine kutoka Kariakoo, iliyotolewa kwenye baiskeli ya mtumba ya Kijapani. Je, hii bado ni baiskeli ya Mwalimu? Tulijibu kwa haraka ya mtu aliyekwisha kufaulu mtihani wake: ni ile ile, maana umbo limebaki. Tulifikiri fremu.

Na ili umbo hilo lionekane, tulitafuta kwenye intaneti picha ya Trek 820 ilivyokuwa ikiuzwa miaka ya 1990, tukaichapa, tukamletea Fundi. Ilikuwa nyembamba, safi, inang’aa. Haikuwa na keria. Haikuwa na matambara ya tyubu. Tukamwambia Fundi: tunataka hivi.

Fundi alishika keria kwa mkono mmoja na picha kwa mkono mwingine. “Padre, keria hii ni nzima. Tusiitoe.”

Tulimweleza, kwa utaratibu na kwa maneno mengi, maana ya kukirudisha kitu katika hali yake ya asili. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akachukua spana. Keria aliitundika kwenye msumari wa kibanda chake. Vipande vya tyubu tulivikata wenyewe kwa wembe, na jioni vikachomwa pamoja na takataka za parokia. Fremu ikapigwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, ikapulizwa rangi ya buluu mara tatu. Tulipoitazama ikikauka kwenye kamba, tuliona fahari ambayo, tukisema kweli, hatujaiona mara nyingi hata tulipomaliza mahubiri mazuri.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tuliipanda kwenda Pugu. Hatutawaficha kwamba kilima kilitushinda mara mbili, gia 21 au la, na kwamba kijana wa bodaboda alijitolea kutuvuta kwa kamba. Mjane wa Mwalimu alikuwa akichambua mchele barazani. Alitukaribisha, akatuletea kiti na maji, akaulizia afya na parokia. Tulingoja aitaje baiskeli. Hatimaye tukaisogeza mbele yake wenyewe, tukamwambia, “Mama, tumeirudisha ya mzee.”

Aliinuka, akaizunguka. Akapitisha kiganja juu ya bomba la fremu, akakirudisha, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

“Asante sana, Baba Paroko,” alisema. “Mmeniletea baiskeli nzuri. Ya mzee iko wapi?”

Tulianza kueleza habari za fremu. Mama alikuwa mwungwana, hakutukatiza. Alipoona tumenyamaza ndipo akatuonyesha. Hapa, kwenye bomba, alikaa mjukuu tangu umri wa miaka mitatu, na tyubu ziliviringishwa kwa sababu chuma kilimuumiza mapaja. Alizifunga mama mwenyewe, si mzee. Na huku nyuma alikaa yeye. Siku ya kuhama Kipawa gari la mizigo lilikwisha kujaa, akaja Pugu juu ya keria ile, amepakata jiko na sufuria. Keria mzee aliichomesha Gerezani, na waliposhauriwa kuweka nyembamba alikataa, akisema mke wake si bahasha. Usiku mmoja wa masika, magari yaliposhindwa kupita kwa matope, jirani aliyeshikwa na uchungu alipakiwa juu ya hiyo hiyo, watu wawili wakimshikilia kila upande, hadi zahanati. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tano, mama alisema, akatutajia nyumba wanayokaa.

Tulimwuliza kwa nini hawakutuambia walipoileta. Alitushangaa kidogo. “Si mliiona, Baba?”

Kweli tuliiona. Tuliona nondo na matambara. Huko Kibosho tuliandika kurasa tatu juu ya merikebu ile na kupata alama nzuri, wala haikutupitia akilini kwamba ubao ulioongezwa safarini, na mkono wa mtu aliyekuwa humo, waweza kuwa wa merikebu kuliko ule uliotoka kwa seremala. Fundi, ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja, alilijua hilo akiwa ameshika keria. Hatumlaumu kwa kutotubishia zaidi. Nani kati yenu hubishana na paroko mbele za watu?

Ya tyubu hayakuwa na dawa, zimekwisha kuwa majivu. Lakini keria ilikuwa bado juu ya msumari. Fundi hakusema neno tulipokwenda kuichukua. Alikuwa amekwisha kuipaka mafuta isishike kutu, jambo lililotuambia kwamba alikuwa akitungoja. Jumamosi iliyopita tulipanda naye daladala hadi Pugu, keria tukiwa tumeipakata kwa zamu, kondakta akilalamika njia nzima na mwishowe akitutoza nauli ya mzigo. Bolti zilipokazwa, spana iliteleza ikakwangua rangi yetu mpya karibu na kiti, mstari wa urefu wa kidole. Tulinyamaza.

Mjukuu alikuwa amepata tyubu mbovu kwa rafiki yake. Mama alikaa mkekani, akaikata kwa kisu cha jikoni kuwa vipande virefu, akaanza kuviringisha juu ya ile buluu inayong’aa, akivuta kwa nguvu kila mzunguko, huku sisi tukishika ncha ya uzi isilegee. Ilichukua karibu saa nzima, na hapo ndipo grisi ya cheni ilipotuingia kucha kiasi mlichokiona. Tulimwambia kijana ni mkubwa mno sasa kukaa kwenye bomba. Mama alijibu kwamba wako wadogo zake.

Alipomaliza, kijana aliichukua, akateremka nayo hadi barabarani, akapotea kwenye kona. Tulingoja. Alirudi akihema, akatuambia kwamba akikanyaga kwa nguvu, gia ya tatu ya nyuma inaruka. Fundi alikwisha kuchuchumaa kuitazama.