Jino la Utoto Likikataa Kung'oka

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye darasa la kwanza, la pili na la tatu hufundisha vinywa vilivyo katika matengenezo. Mtoto huja shuleni na meno ishirini ya utoto, ambayo wengine huyaita meno ya maziwa, na katika miaka hiyo mitatu meno yake manane ya mbele, manne ya chini na manne ya juu, hupokezana zamu na meno ya ukubwani. Magego na chonge hubaki hata miaka kenda, kumi, au kumi na miwili. Sisi tumefundisha madarasa hayo hapa Kampala kwa muda mrefu, na twapenda kuwaeleza walimu wenzetu tuliyoyaona darasani na nyumbani, maana yamefungamana.

Tuanze na darasani. Mtoto aliyelelewa kwa Kiganda hana sauti ya th wala dh katika lugha ya mama yake. Akiambiwa aseme "thelathini" husema "selasini". Na "dhahabu" huwa "zahabu", hasa kwa kuwa kwao kitu hicho huitwa zaabu. Kadhalika l na r kwao ni ndugu wawili wagawanao nyumba moja: r huja baada ya irabu e na i, kwingineko hutawala l, na ndiyo sababu "barua" huwa "balua". Hayo ni makosa ya lugha, na dawa yake ni mazoezi.

Lakini mtoto mwenye pengo mbele hukosea kwa upande wa pili kabisa. Yeye "sita" huiita "thita", na "sisimizi" wake ni "thithimidhi". Sauti ya s yataka hewa ipite katika mfereji mwembamba baina ya ulimi na ufizi, kisha igonge ncha za meno. Meno yasipokuwapo hewa hutawanyika, na ulimi nao huchungulia dirishani. Basi kinywa chake chatoa bure ile th ambayo jirani yake mwenye meno kamili hutaabika kuitafuta! Mwalimu asiyetazama ndani ya kinywa huwatia wote wawili alama moja nyekundu, ilhali mmoja ahitaji mazoezi na mwingine ahitaji miezi michache tu. Tulimwona mwalimu mmoja, katika shule ambayo hatutaitaja, akimsimamisha msichana wa miaka saba mbele ya wenzake arudie neno "sisi" mpaka liwe sawa. Halikuwa sawa, wala lisingeweza kuwa. Msichana yule hakusoma tena kwa sauti mpaka muhula ukaisha.

Pengo, hata hivyo, lina heri yake: hujaa. Lisumbualo zaidi ni jino la zamani lililokataa kutoka, na jipya limekwisha kubisha hodi.

Yafaa kujua yanayotendeka chini ya ufizi. Jino la utoto lina mzizi kamili kama jino jingine lolote. Watu wengi hawalisadiki hilo, kwa sababu jino lililoanguka lenyewe huonekana kama kofia tupu. Mzizi ulikuwapo, lakini umeliwa. Jino la ukubwani linapopanda kutoka ndani ya taya, chembe maalumu za mwili huuyeyusha mzizi wa jino lililo juu yake, kidogo kidogo, hata jino libaki limeshikwa na nyama ya ufizi tu, nalo huanza kucheza. Sasa, meno ya mbele ya chini ya ukubwani hukulia upande wa ndani, karibu na ulimi. Likipanda jino bila kuugusa sawasawa mzizi wa mtangulizi wake, hutokeza nyuma yake, na mtangulizi angali amesimama. Mzazi akifunua mdomo wa mwanawe huona safu mbili, kama za papa, akaingiwa na hofu.

Nasi tuliona safu hiyo nyumbani mwetu, katika kinywa cha kitindamimba wetu, alipokuwa na umri wa miaka sita na nusu. Dada yetu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na yeye ndiye aliyeiona kwanza, asubuhi mtoto akipiga mswaki.

"Kaka," akasema, "mtoto aota meno ya papa, nanyi mwatazama tu? Nipeni uzi."

Watu wa umri wetu twaujua uzi ule. Ncha moja hufungwa kwenye jino, ya pili kwenye kitasa cha mlango, kisha mlango husukumwa na mtu asiyehusika. Mtoto naye aliujua kwa kusikia, akajifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Shangazi," akauliza kwa sauti ya ndani ya viganja, "ukivuta, na hili jipya litatoka?"

Swali lilikuwa la maana kuliko alivyojua mwenyewe. Tukamwomba dada radhi, kwa heshima aistahiliyo mtu aliyetubeba mgongoni, tukasema twende kwanza kwa mganga wa meno. Alituitikia kwa kimya, na kimya cha dada yetu si kifupi.

Mganga alilishika jino la zamani kwa kidole na kulitikisa. "Lacheza," akasema. "Liacheni. Alisukume kwa ulimi, au kwa kidole kilichooshwa, na ale vitu vya kutafuna." Likitoka la zamani, akaeleza, ulimi wenyewe utalisukuma jipya mbele, kwa miezi michache, mpaka lishike nafasi yake, maadamu nafasi ipo. Bali jino lisilocheza hata kidogo, au lililopita miezi miwili mitatu bila kutoka, lirudishwe kwake aling'oe kwa ganzi. Na jambo hili likitokea juu badala ya chini, mtoto asicheleweshwe, kwa kuwa jino jipya la juu lililotokea nyuma huweza kunaswa ndani ya meno ya chini kila afungapo kinywa, lisipate tena njia ya kutoka.

Tulirudi na maagizo yaliyompendeza mtoto kuliko dawa yoyote aliyowahi kuandikiwa: muwa, mapera, mahindi ya kuchoma. Siku ya kumi na tisa jino likabaki katika hindi. Dada alikuwa amekwisha kurejea Mombasa, tukampigia simu. Naye hakuuliza habari za mganga, aliuliza tu kama jino limerushwa juu ya paa. Lilirushwa. Mabati ya Kampala yana mteremko, likarudi chini mara mbili kabla ya kukwama kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Wenzetu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa watakumbuka hadithi ya panya mdogo achukuaye jino chini ya mto usiku. Katika nchi za Waarabu mtoto huwa analirushia jua. Aliyemchagua panya alimtazama vyema, kwani meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, naye asipotafuna humzidi urefu.

Tumesema kwamba uzi tuliukataa. Hatukuukataa kwa kudharau wazee, ila kwa sababu darasani tulikuwa na mfano wa haraka ya namna nyingine, iliyo kubwa kuliko uzi. Katika darasa la pili la mwaka uliotangulia alikuwamo mvulana ambaye hakuwa na chonge hata moja. Tulidhani zimetoka mapema. Lakini chonge za utoto hazitoki katika miaka saba. Hungoja kenda au zaidi. Tukamwuliza mama yake siku ya wazazi, naye akatueleza bila kuficha, kwa kuwa kwake halikuwa jambo la kufichwa. Mtoto alipokuwa na miezi mitano alishikwa na homa na kuhara. Jirani akamfunua ufizi, akaonyesha vivimbe vyeupe mahali pa chonge, akasema hivyo ndivyo viletavyo ugonjwa. Akapelekwa kwa mtu ajuaye kazi hiyo, vikachimbuliwa kwa njiti ya gurudumu la baiskeli.

Vivimbe vile vilikuwa meno. Ni chonge za utoto zenyewe, changa, zikijiandaa kutoka, na chini yake ndimo zilimokuwa zinaanza kuumbwa chonge za ukubwani. Hapa Uganda huitwa ebino. Tanzania huitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni, kwa kuwa jino changa likitolewa ni laini na jeupe. Mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari za Uganda juu ya jambo hili mwaka 1969. Homa na kuhara kwa mtoto wa miezi mitano kuna sababu nyingine, nazo zataka maji ya chumvi na sukari, na zahanati. Njiti haziponyi, bali humwongezea mtoto kidonda, na wako watoto waliokufa kwa kutokwa na damu au kwa uchafu ulioingia damuni. Atakayesema hii ni desturi ya mababu na atazame jina. Nailoni ilitangazwa duniani mwaka 1938. Jina hilo, angalau, mababu hawakutuachia.

Mvulana yule twamwona hata sasa, maana wanaishi mtaa wetu. Alipotimiza miaka kumi na miwili chonge moja ya juu ilitoka, fupi, yenye rangi ya manjano na shimo ubavuni. Za chini hazijaonekana. Yeye hucheka kwa kufunga mdomo, na katika mashindano ya kukariri mashairi hujitolea kushika pazia.

Kiswahili chenyewe kina neno litukumbushalo kwamba hofu hii ya meno ya watoto ina mizizi mirefu pwani pia. Kamusi za zamani zaeleza kwamba kigego ni mtoto aotaye meno ya juu kabla ya ya chini; alihesabiwa mkosi, na zamani palikuwapo waliomwua au kumtupa. Neno hili tulikuwa tukilifundisha pamoja na kibogoyo, pengo na mwanya, kama msamiati wa kinywa. Siku hizi twalitenga na kulipa somo lake, kwa wanafunzi wakubwa, tukiwaambia kwamba kwa kawaida meno ya chini hutangulia, ya juu nayo pengine hutangulia, na mtoto hana kasoro yoyote. Mwanya, kwa bahati, hauhitaji somo: kila darasa lina msichana ajuaye kwamba umesifiwa.

Mwalimu apaswa pia kulijua gego la miaka sita. Hilo huota nyuma ya meno yote ya utoto, mahali ambapo hapakuwa na jino, kwa hiyo halimng'oi yeyote wala halitangazwi. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto, wakaliacha lioze kwa kuwa "litatoka lingine". Halitoki lingine. Tunapopima vinywa vya watoto mwanzoni mwa mwaka, jambo tufanyalo kwa tochi na subira, hilo ndilo tulitafutalo kwanza, na tukiliona limetoboka humwandikia mzazi siku ile ile. Katika daftari la matamshi nako tumeongeza safu moja ndogo, yenye herufi p kwa mwenye pengo. Mwenye p hapewi alama ya s na z mpaka p ifutwe.

Kitindamimba wetu sasa ana miaka kumi na miwili, na kinywa chake chatupa shughuli tena. Gego la mwisho la utoto, la chini upande wa kuume, lilitoka mwaka jana, na jino la ukubwani limekwisha kushika mahali pake. La kushoto lingali pale, wala halichezi. Muwa umeshindwa na mahindi yameshindwa. Mganga ametueleza kwamba magego hutoka baina ya miaka kumi na kumi na miwili, na kwamba kuchelewa pekee kusingemtia shaka. Kinachomtia shaka ni upande mmoja kuutangulia mwingine kwa zaidi ya miezi sita. Huenda mzizi umeshikamana na mfupa wa taya. Huenda pia chini yake hapana kitu, kwa kuwa wako watu waliozaliwa bila jino la kurithi mahali hapo, na mahali hapo hasa ni pa kawaida kwa upungufu huo. Ikiwa hivyo, jino la utoto lenye mzizi mzima huachwa, nalo huweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi ya utu uzima. Methali yetu yasema jino la pembe si dawa ya pengo. La maziwa pengine litakuwa.

Dada amepiga simu mara mbili kutoka Mombasa kuuliza jino gani hilo lisilosikia. Hakutaja uzi. Picha ya eksirei itapigwa shule zikifungwa, na mtoto amekwisha kutuuliza kama ataruhusiwa kuitazama.