Kikoi Katika Matope ya Ruiru na Thika

Mwezi wa Aprili uliopita Mwenyezi Mungu alinijaalia kwenda bara kumtembelea mwanangu anayeishi Ruiru na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka tisa. Nilitoka Malindi na kanzu mbili, vikoi vitatu na mwavuli. Suruali ya kutokea sikuchukua, kwa kuwa sina.

Mvua ya kule si kama hii yetu. Hapa pwani masika huja na kishindo kutoka baharini, yakamwaga yaliyo nayo, kisha jua likatoka na mabati yakafuka moshi. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mvua yake huanza usiku kwa manyunyu ya taratibu, ikaendelea hadi adhuhuri bila haraka yoyote, na baridi ikaingia mifupani. Mtu wa Malindi hutia udhu wa alfajiri kule huku meno yakigongana.

Nilikuwa nimekwenda kwa jambo maalumu. Nilitaka kumchukua mjukuu wangu kwa likizo, akae nami, asome juzuu yake madrasani pamoja na watoto wa ami zake. Siku ya pili mkwe wangu aliniletea chai ya tangawizi, akakaa kando, akasema kwa staha, "Baba, naomba usikasirike. Mtoto hataki kwenda Malindi." Nikamuuliza sababu. Akainamisha uso. "Anasema kule atavalishwa kikoi. Wenzake wa hapa mtaani walikuona jana ukienda msikitini, wakamwambia babu yake anavaa sketi."

Sikukasirika, lakini nisiseme uongo: niliumia. Hicho kikoi ndicho alichovaa baba yangu akisuka nyavu, na ndicho alichozikwa nacho mkononi mwa ndugu yangu, maana tulikitumia kufutia jasho siku ile. Nikamwambia mkwe wangu, "Mwache, mwanangu. Kesho nitamwomba anitembeze tu."

Basi kesho yake tukatoka, mimi na yeye, kwenda kuyaona mashamba ya kahawa. Yamebaki machache. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa mwaka 2012, kahawa nyingi ya Ruiru imeng'olewa na mahali pake pakaota maghorofa. Hata hivyo nje kidogo ya mji bado ipo, na ilikuwa imechanua. Dada zangu mnaosoma, laiti ningeweza kuwaletea harufu ile! Ua la kahawa ni jeupe, hushikana na tawi kama pamba iliyonata, na linanukia kama asumini ya jioni. Huchanua siku chache tu baada ya mvua kuigusa mibuni iliyokaa na kiu. Sisi tunaokunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, na kusimulia jinsi masufi wa Yemeni walivyoinywa wapate kukesha katika dhikri, wangapi kati yetu tumeliona ua lake? Mimi nimeliona nikiwa na miaka zaidi ya hamsini. Kwa wanaopenda elimu, pale Ruiru ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mbegu iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, mbegu inayostahimili maradhi ya buni.

Sasa nieleze namna nilivyotembea, maana ndiyo habari yenyewe. Kikoi ni pamba, na pamba ikilowa huwa nzito na baridi. Anayekiacha kikaburuta kwenye nyasi mbichi atarudi amebeba ndoo ya maji kiunoni. Nilikipania, upindo ukafika chini kidogo ya magoti, nikakikunja kiunoni mara mbili badala ya moja, na ndani nikavaa kaptula iliyoshuka hadi magotini. Kikoi kikavu cha akiba nilikikunja ndani ya kopo lenye kifuniko, kwani mifuko ya plastiki tuliyozoea imepigwa marufuku tangu mwaka 2017. Miguuni nilivaa gambuti za mwanangu.

Mjukuu wangu alivaa suruali ya jinzi. Baada ya nusu saa ilikuwa imelowa hadi mapajani na kumganda kama ngozi ya pili. Kila hatua alikuwa akiivuta kwa vidole. Tulipojikinga chini ya paa la banda, mimi nilifuta miguu yangu kwa leso, ikakauka. Yeye alibaki akitetemeka. Sikumwambia kitu. Nilimwona tu akiiangalia miguu yangu, kisha akiiangalia suruali yake.

Huenda niliona fahari moyoni, kwa maana mwendo wa hatua ishirini baadaye niliteleza. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni. Nilianguka chali kwenye mteremko, mwavuli huku, kopo kule, na kikoi kikafunguka chote. Alhamdulillah kwa kaptula! Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akaja mbio kunishika mkono, akiuliza, "Babu, umeumia?" Mzee mmoja Mkikuyu, mwenye shamba, alitoka na jembe lake kuona kuna nini. Akanisaidia kusimama, akanitazama nilivyokuwa nikijifunga upya, akatabasamu: "Sheikh, wewe ni mtu wa Thogoto?"

Mtoto hakuelewa, nami sikuelewa. Mzee akatufafanulia tukiwa tumejikinga barazani pake. Thogoto ni mahali upande wa Kikuyu, katika kaunti hii hii ya Kiambu. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walifika huko mwaka 1898 wakitokea Kibwezi, na wenyeji, kwa kulitamka jina la Waskoti kwa ndimi zao, wakapaita Thogoto. "Na Waskoti," alisema mzee, akimgeukia mjukuu wangu, "wanaume wao huvaa sketi. Ya sufu, yenye mikunjo. Wanapanda nayo milima kwenye mvua. Nani atamcheka Mskoti?"

Mtoto alinitazama kutaka kujua kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, vazi hilo huitwa kilti. Nchi yao ina mvua na ukungu karibu mwaka mzima, na wapo watembezi wa milimani hadi leo wanaoipenda kilti kuliko suruali kwa sababu ileile aliyoiona kwa macho yake: suruali ikilowa humganda mtu, lakini mguu mtupu hukauka upesi. Tena sufu, hata ikipata maji, haipotezi joto lake kama pamba. Hapo Waskoti wametushinda. Nikamweleza pia kwamba baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani, serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi yao ya jadi. Aliyevunja sheria alifungwa miezi sita, na akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilidumu hadi 1782. "Walifungwa kwa sababu ya sketi?" aliuliza. Nikajibu kwamba ndiyo, na kwamba wao hawaiiti sketi.

Hapa naingiza neno la fikihi, kwa kuwa najua nitaulizwa. Uchi wa mwanamume katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni baina ya kitovu na magoti. Kilti aghalabu hufika gotini, nayo hupanda mtu anapoketi au kurukuu. Anayeivaa bila kitu kirefu ndani, sala yake imo hatarini. Kikoi kina nafasi zaidi, na kinafanana na izari aliyoivaa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambaye ametufundisha kuwa vazi la muumini liishie katikati ya muundi, wala hapana ubaya likishuka hadi kabla ya vifundo vya miguu. Kwa hiyo kupania kikoi kwa ajili ya tope si utovu wa adabu. Huko ni kuikaribia sunna.

Na tope lenyewe? Mkwe wangu aliniuliza jioni ile kwa wasiwasi mkubwa. Yeye huvaa buibui refu, hupita njia ya mtaani yenye mbuzi, kuku na mitaro iliyofurika, na akifika nyumbani hubadilisha nguo zote kabla ya kusali; masika yote huwa anafua kila siku. Nilimtuliza. Mafakihi wetu wamesema kuwa tope la njiani husamehewa kwa kadiri ambayo ni tabu kujiepusha nalo, hata kama tunajua lina najisi, maadamu hapana najisi ya wazi inayoonekana kwa jicho. Tena, angalieni upole wao: wamesema msamaha huo hutofautiana kwa majira na kwa mahali pa nguo. Kinachosamehewa wakati wa mvua hakisamehewi wakati wa kiangazi, na kinachosamehewa kwenye pindo hakisamehewi kwenye mkono wa kanzu. Aliyeyaandika hayo alikuwa mtu aliyepata kutembea kwenye matope. Yupo pia mwanamke aliyemwendea Mama yetu Ummu Salama kumuuliza juu ya upindo wake mrefu upitao mahali pachafu, naye akamjulisha kauli ya Mtume kuwa mahali pasafi panapofuata hupatoharisha. Wanavyuoni wengi wameifasiri kuwa ni uchafu mkavu. Mkwe wangu alisikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Miaka mitatu, Baba, na hakuna aliyeniambia."

Usiku ule sikulala mapema. Nilikumbuka jambo ambalo sijalisimulia kwa mtu. Nilipokuwa mwalimu kijana, damu inachemka, aliletwa madrasani mtoto wa familia ya bara iliyohamia kwetu. Alikuja na suruali, ndiyo nguo aliyokuwa nayo. Nilimtoa mstarini mbele ya wenzake nikamwambia arudi akiwa amevaa kama Muislamu. Suruali yake ilikuwa pana na safi, inasitiri kuliko vikoi vya nusu ya darasa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuisoma milango ya sitara yote. Hakurudi. Sijui alisomea wapi, wala kama alisoma. Katika msikiti wa Ruiru nilihesabu safu mbili za mbele: wote suruali, na imamu wao anasoma kwa tajwidi ya kumliza mtu. Mwenye vazi la ajabu nilikuwa mimi, na hakuna aliyenitoa mstarini.

Siku ya mwisho tulikwenda Thika sote wanne. Mji wenyewe ni wa viwanda, na nje yake, kwenye njia ya kwenda Garissa, yapo mashamba makubwa ya mananasi. Mengi yameandikwa juu ya Thika na Waingereza. Elspeth Huxley, aliyeletwa huko utotoni mwaka 1913, aliupatia umaarufu kwa kitabu chake cha 1959. Mimi nilitaka kuona maji. Palipo hoteli kongwe ya Blue Posts, iliyojengwa mapema katika karne iliyopita, mto Chania unaporomoka upande mmoja na mto Thika upande mwingine. Kwa mvua ile, yote miwili ilikuwa imekasirika, rangi ya matofali, na umande wake unamlowesha mtu aliyesimama mbali. Imepokewa kuwa Mtume mvua ikinyesha alifunua sehemu ya nguo yake maji yamguse, kwa kuwa yametoka kwa Mola wake muda si mrefu. Nilikunjua mikono ya kanzu. Mtoto naye akakunjua ya shati lake.

Akauliza maji yale yanakwenda wapi. Nikachora kwa fimbo kwenye udongo. Haya ya Chania huungana na Thika, huingia Tana kwenye bwawa la Masinga, na Tana huyafikisha baharini Kipini. Lakini mto wa kwao, Ruiru, hushika njia nyingine: huingia Athi, na Athi ukishapokea maji ya Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari tunauita Sabaki. Yale maji mekundu yanayoichafua bahari ya Malindi kila masika, ambayo wavuvi wetu huyalaani, kiasi fulani ni udongo wa jirani zake. Aliutazama mchoro kwa muda. "Kwa hiyo tope uliloangukia litafika kwenu?" Nikamwambia huenda likanitangulia.

Kikoi kile nilirudi nacho. Mke wangu amekiloweka kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jiki, akakianika juani siku tatu. Doa jekundu la upande wa nyuma halijatoka, na ameniamuru nisikitokee nje. Mtoto amempigia bibi yake simu kwamba atakuja Agosti. Kuhusu kikoi hakusema neno. Alichouliza ni kama Sabaki inaonekana kutoka nyumbani kwetu.