Tuhesabu visima, lakini majina tuyafiche

Ndugu zetu mliokimbilia hapa Lubumbashi, leo sileti habari ya mtu mwingine. Naleta kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilienda upande wa komini ya Annexe kuonana na familia zilizokimbia vita kule Mitwaba na Pweto. Katika daftari langu niliandika jina la kila mama, hesabu ya watoto wake na avenyu anayolala. Jioni nikasoma yote kwenye radio, nikitumaini wenye huruma wataleta unga. Unga ulikuja, mabakuli machache. Kisha mama mmoja akanifuata, mtoto mgongoni.

"Papa wa radio, ule mutu nilimukimbia amekwisha kujua fasi nalala."

Usiku ule alihama tena.

Tangu hapo, akija mtu na simu kuandikisha familia, namuuliza: majina haya yatakaa wapi? Nani atayaona? Na wenyewe watarudishiwa nini? Mama anaweza kuandikwa mara tatu na watu watatu tofauti, na bado anatembea na bidoni yake kutafuta maji.

Sisemi tusihesabiwe. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984. Mji unaopanga shule na maji kwa kukisia utasahau watu, na wa kwanza kusahauliwa ni wale waliofika jana.

Wenzetu wametuonyesha njia. Huko Kibera, Nairobi, mwaka 2009 vijana wa mtaa walichora ramani ya kwao, kwa sababu kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa kama nafasi tupu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa chuo pamoja na wakazi kupita mitaani wakichora nyumba, barabara na mitaro, ili mji ujue mafuriko yanapita wapi. Ramani hiyo iliwekwa wazi, hata mkazi wa kawaida aweze kuitazama. Waliandika vitu vya wote. Hawakuandika nani amejificha nyumba gani.

Hapa kwetu pia ipo sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Basi anayekuandika akueleze sababu, na wewe usione haya kumuuliza.

Ombi langu kwa viongozi wa kartie ni dogo. Bandikeni ukutani visima vinavyotoa maji, vilivyoharibika, na tarehe mlipovihesabu. Mkazi akiona kosa, alisahihishe. Majina ya watu yabaki kwenye kabati lenye kufuli.

Na wewe mama, kama unanisikia: daftari lile nimelichoma. Lakini jina lililokwisha kusomwa hewani halichomeki. Nakuomba radhi.