Sukari mfukoni: ticha wa farasi aliyenisaidia kufundisha dansi

Wadau, leo sina umbea. Hakuna staa aliyeachwa, hakuna aliyenunua ndinga ya mkopo akatuambia kalipa keshi. Leo namzungumzia mzee mmoja wa Austria aliyefariki mwaka 1973, ticha wa farasi. Najua unauliza, "Sisi na farasi wapi na wapi?" Tulia, utaona.

Anaitwa Alois Podhajsky. Nilimfahamu kupitia klipu, kama tunavyofahamu kila kitu siku hizi. Mimi nafundisha watoto dansi pale Sinza kila Jumamosi, kwa hiyo simu yangu imeshanizoea, inaniletea kila kinachocheza. Ikaniletea farasi mweupe ananyanyua miguu kwa mdundo, taratibu, juu chini, karibu palepale alipo. Kwenye komenti watu wanabishana, ni AI au siyo. Siyo AI. Ule mwendo unaitwa piafe, na mchezo wenyewe ni dresaji: kumfundisha farasi mpaka aelewe ishara ndogo kabisa ya mguu, kiuno au mkono wa aliyempanda. Wewe mtazamaji huoni ishara yoyote. Unaona tu mnyama wa karibu nusu tani anacheza kama hana uzito.

Nikaanza kuchimba. Kila nilipochimba, namkuta huyu mzee.

Alizaliwa mwaka 1898 huko Mostar, mji ambao leo uko Bosnia na Herzegovina. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, naye akafuata njia hiyo. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alipata medali ya shaba ya dresaji akiwa na Nero, farasi aliyemfundisha mwenyewe. Mwaka 1939 akakabidhiwa Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, jijini Vienna. Jina lisikuchanganye: shule iko Austria, ila farasi wake wa mwanzo asili yao ilikuwa Uhispania. Aliiongoza mpaka 1964.

Sasa sikia wanavyofundisha pale. Farasi wao wanaitwa Lipizzaner. Wengi wanazaliwa weusi au wa kahawia, halafu wanakuwa weupe polepole kadiri miaka inavyokwenda. Farasi dume anaanza shule akiwa na miaka kama minne, na kuiva kabisa kunachukua miaka sita hivi. Na mwanafunzi wa kibinadamu je? Anakalishwa juu ya farasi mzee anayezungushwa kwa kamba ndefu, hana hatamu, hana vikanyagio vya miguu, miezi na miezi, anajifunza kukaa tu. Farasi mkongwe anamfundisha kijana, na mpanda farasi mkongwe anamfundisha farasi mchanga. Podhajsky aliliamini hilo kiasi kwamba kitabu chake kimoja alikipa jina lenye maana ya "Farasi wangu, walimu wangu". Yaani bosi mzima, mwenye medali ya Olimpiki, anasema ticha wake ni mnyama!

Halafu kuna sukari. Koti la mpanda farasi wa shule ile lina mfuko uliofichwa nyuma, kazi yake kubeba sukari. Farasi akipatia, anapewa palepale. Kwenye mafundisho ya mzee huyu kuna mambo matatu yaliyonikaa. Farasi akikosea, jikague wewe kwanza. Somo liishe kwa kitu anachokiweza. Na usiwe na haraka.

Ukidhani hizi ni mbwembwe za watu wenye hela, angalia mwaka 1945. Vienna inapigwa mabomu. Podhajsky akawahamishia farasi dume St. Martin, Austria ya Juu. Majike walikuwa mbali, Hostau, Czechoslovakia, na jeshi la Wasovieti lilikuwa linasogea. Tarehe 7 Mei alifanya onyesho mbele ya Jenerali George Patton wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kushindana Olimpiki ya 1912. Mwishoni akamsimamisha farasi mbele ya jenerali, akavua kofia, akaomba shule yake ilindwe. Akakubaliwa. Hostau ilikuwa imeshachukuliwa na Wamarekani mwishoni mwa Aprili, na farasi wa kule nao wakavushwa. Shule ilirudi Vienna mwaka 1955, na mwaka 1963 Walt Disney wakatoa filamu ya mkasa huo.

Tusimpambe kupita kiasi lakini. Wakati wa vita alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani ya Hitler, na shule ilikuwa chini ya jeshi hilo. Hilo halifutiki kwa sukari. Ninachomheshimia ni namna yake ya kufundisha.

Na namna hiyo bado ina kazi, hata huko kwao. Siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris 2024, bingwa mmoja wa dresaji kutoka Uingereza, mwenye dhahabu zake, alijiondoa baada ya kutoka video anamchapa farasi miguuni kwa mjeledi, tena na tena, wakati anamfundisha mwanafunzi. Kwa hiyo kujua kucheza vizuri ni kitu kimoja, na kujua kufundisha ni kitu kingine.

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu tumekuzwa na fimbo, na ukisema neno unajibiwa, "Fimbo ndiyo imekufikisha hapo." Kiukweli mimi nilichapwa sana kwa ajili ya hesabu. Nilichojifunza vizuri ni kuangalia mkono wa mwalimu, siyo ubao. Mpaka leo ukinyanyua mkono ghafla karibu yangu, nakwepa. Hesabu zenyewe nilikuja kuelewa ukubwani, nilipoanza kuhesabu midundo.

Kwenye darasa langu kuna binti wa miaka 11. Anachelewa mdundo, kulia anakwenda kushoto, wenzake wanacheka. Desemba tuna onyesho. Mama yake anakaanga samaki, na ada ya dansi inatoka kwenye hiyo hela, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Akaja akaniambia mbele ya mtoto, "Ticha, huyu mchape tu, mimi nimekuruhusu. Bila fimbo hasikii. Mwezi huu ukiisha hivihivi, namtoa."

Nikamjibu, "Shikamoo mama. Fimbo hapana, naomba unipe huo mwezi."

Nikaanza kufanya kama mzee wa Vienna. Badala ya midundo 16 nampa minne, mpaka mwili wake uielewe. Nimempanga pembeni ya dada mmoja mkubwa wa kundi, asiye na papara, ndiye farasi wangu mkongwe. Tukifika kwenye kitu anachokiweza, tunafunga somo hapohapo, hata kama dakika zimebaki. Na sukari yangu ni jina lake: akipatia tu, nalitaja kwa sauti mbele ya wote, kabla mdundo haujapita. Mara ya kwanza alishtuka, akageuka kuangalia amekosea nini. Aisee, pale ndiyo niliumia. Mtoto anasikia jina lake anajua ni kosa!

Sasa hivi ameshafika midundo minane. Hajawa nyota, na sikuahidi kwamba atakuwa. Mwezi umebakiza wiki mbili, mama yake bado hajashawishika, na Desemba inakuja. Lakini Jumamosi iliyopita nilipotaja jina lake hakugeuka. Aliendelea kucheza.

Basi heshima yako mzee Podhajsky, ulale salama na farasi wako. Na wewe msomaji, ticha gani aliwahi kukufundisha kitu bila kukutisha? Kama yuko hai, leo mpigie simu umwambie.